Mosi na jamaa zake ni divisheni moja au tatu, na ukoga wa kisimani umo wapi?

Mwalimu wa Mikindani

Habari za leo, wanajukwaa.

Ninafundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari mkoani Mtwara, na nina swali ambalo limenikaa kichwani tangu mvua zilipokolea na kuta kuukuu za mawe ya matumbawe huku Mikindani zikaanza kuvaa kijani. Niliwatoa wanafunzi darasani tukaenda kutazama mimea midogo isiyotoa maua, kwa kuwa niliona wataelewa uainishaji wake vizuri zaidi wakiigusa kwa mikono kuliko wakiisoma ubaoni. Katika ukuta wa nyumba ya zamani tulikuta vishungi vifupi, vimesongamana kama zulia, na kila kishungi kina kishina na vijani vyembamba. Kwenye mdomo wa kisima chenye kivuli tulikuta vitu bapa vya kijani vilivyolala juu ya udongo, visivyo na shina wala jani, na ambavyo ncha zake hugawanyika mbili mbili. Kwenye kigogo cha mnazi palikuwa na vishungi vya rangi ya kijani iliyopauka hata kukaribia weupe. Ndani ya kisima chenyewe zilielea nyuzi za kijani zinazoteleza mkononi.

Wanafunzi waliviita vyote hivyo ukoga, wala sikuwakemea, kwa sababu ndivyo tunavyosema nyumbani: chochote cha kijani kinachoteleza mahali penye maji ni ukoga. Shida ilianza tuliporudi darasani. Kitabu tulichozoea kinasema kwamba mosi (kwa Kiingereza moss, vimea vifupi visivyotoa maua) na jamaa zake livawoti (liverwort) ni ngeli mbili, yaani makundi mawili, ndani ya kundi kubwa zaidi, divisheni moja iitwayo Bryophyta, na kwa wengine huongezwa ngeli ya tatu ya honiwoti (hornwort). Kitabu kipya zaidi, ambacho niliazimwa na mwenzangu, kinasema kwamba hizo ni divisheni tatu kamili, na jina Bryophyta limeachiwa mosi peke yake. Mwanafunzi mmoja akaniuliza kama mimea ndiyo iliyobadilika au ni vitabu, na nikamjibu kwamba nitampa jibu baada ya kuuliza wanaojua kuliko mimi.

Basi naomba msaada katika mambo mawili. La kwanza, kati ya mipangilio hii miwili ni upi ulio sahihi leo, na kwa sababu gani? La pili, ni alama gani hasa inayokifanya kitu kiitwe mosi, ili mwanafunzi akisimama mbele ya ule ukuta aweze kuamua mwenyewe bila kunitazama usoni? Naomba pia ushauri kuhusu jina. Nimewahi kuona neno kuvumwani likitumiwa kwa mosi, lakini linanitia mashaka kwa sababu mosi si kuvu, na wala si mwani.


Mstaafu wa Lindi

Mwalimu, swali lako limenifurahisha sana, kwa sababu nilifanya kazi katika maabara ya mimea kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwetu Lindi, na mimea hii midogo ndiyo niliyoipenda kuliko yote. Niruhusu nianzie mbali kidogo.

Hao wanafunzi wako wanaoita kila kitu ukoga wamefuata njia ileile waliyopita wanazuoni wenyewe. Mwaka 1741 Johann Jacob Dillenius, aliyekuwa profesa wa mimea huko Oxford, alichapa kitabu kikubwa kuhusu mosi, lakini ndani yake alichanganya mosi za kweli, livawoti, laikeni, mwani na hata mimea ya jamii ya Lycopodium ambayo ina mishipa ya kupitishia maji na iko karibu na kangaga kuliko mosi. Kigezo chake kilikuwa umbo la nje: kila kilicho kifupi, cha kijani na kisicho na ua kiliingia humo. Linnaeus naye, mwanazuoni wa Uswidi, mwaka 1753, aliviweka vitu hivi katika ngeli ya 24 ya mpangilio wake, aliyoiita Cryptogamia, maana yake mimea ambayo ndoa yake imefichika, na alidhani kwamba kile kikapsuli, yaani kikopo kidogo, kinachosimama juu ya mosi ndicho chombo cha kutolea chavua.

Aliyetutoa gizani ni daktari mmoja, Johann Hedwig, aliyeishi kutoka 1730 hadi 1799 na ambaye mwishoni alikuwa profesa Leipzig. Alikaa na hadubini kwa subira kubwa mpaka akaona viungo vya kiume na vya kike vilivyofichwa kati ya majani ya mosi, na akaonyesha kwamba unga ulio ndani ya kapsuli si chavua, bali ni spora ambazo huota na kuwa mmea mpya. Kitabu chake cha spishi za mosi kilichapwa mwaka 1801, yeye akiwa ameshafariki. Hadi leo sheria ya kimataifa ya majina ya mimea huhesabu majina ya mosi kuanzia kitabu hicho, tarehe 1 Januari 1801, na majina yaliyotolewa kabla yake hayana nguvu. Familia ya Sphagnaceae peke yake ndiyo iliyotengwa, nayo huhesabiwa kuanzia 1753 pamoja na livawoti na mimea mingine.

Mwaka 1851 Wilhelm Hofmeister, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, akaeleza kile ambacho wewe hukifundisha kwa jina la kupokezana kwa vizazi. Kijani unachokiona ukutani ni gametofaiti, yenye seti moja ya kromosomu. Juu yake huota sporofaiti, yenye seti mbili, ambayo ni kikonyo na kapsuli tu, na ambayo hulishwa na mama yake mpaka inapomaliza kazi. Hilo ndilo linaloziunganisha mosi, livawoti na honiwoti: kwa zote tatu gametofaiti ndiyo mmea mkubwa unaodumu, na sporofaiti ni mtoto asiyetoka mgongoni. Kwa kangaga, misonobari na mimea inayotoa maua mambo ni kinyume. Kwa sababu ya ufanano huo, watu wa karne ya 19 na ya 20 waliona ni haki kuziweka zote tatu katika divisheni moja, na hapo ndipo kilipotoka kitabu chako cha zamani.

Sasa kwa nini zikatenganishwa? Kwa sababu kadiri zilivyochunguzwa kwa hadubini, ndivyo tofauti zilivyoonekana kuwa za ndani sana. Chukua vile vijinyuzi vinavyoushika ukuta, ambavyo huitwa raizoidi. Vya mosi vina seli nyingi zilizofuatana, na kuta za kati zimekaa kishazari. Vya livawoti ni seli moja ndefu tu. Chukua kapsuli. Ya mosi nyingi hurefushiwa kikonyo mapema, ikiwa bado changa, huvaa kofia, na ikikomaa hufunguka kwa kifuniko kinachodondoka juu. Ya livawoti nyingi hukomaa kwanza ikiwa bado imefichwa, kisha kikonyo chake laini na cheupe hunyooka kwa muda mfupi, kapsuli hupasuka pande nne, na kila kitu hunyauka baada ya siku chache. Ndani yake, pamoja na spora, mara nyingi mna nyuzi zilizojipinda kama springi ambazo husaidia kuzitawanya, na nyuzi hizo mosi hazina. Honiwoti nazo zina sporofaiti iliyo kama pembe, ambayo huendelea kukua kutokea chini huku ikipasuka kutokea juu, na seli zao nyingi zina kloroplasti (chembe ya kijani ya kutengenezea chakula) moja kubwa badala ya nyingi ndogo. Mimi niliwahi kukaa saa nzima nikitazama seli za honiwoti kwa sababu hiyo tu.

Basi wataalamu wakasema: tofauti za namna hii zinatosha kuzipa kila moja divisheni yake. Mosi zikabaki na jina Bryophyta, zikiwa na spishi takriban 12,000. Livawoti zikaitwa Marchantiophyta, zenye spishi takriban 7,000. Na honiwoti zikaitwa Anthocerotophyta, ambazo ni zaidi kidogo ya 200 tu. Huo ndio mpangilio unaofuatwa na wengi leo, na kitabu chako kipya kimesema kweli.

Kuhusu vile vitu vya mdomoni mwa kisima vinavyogawanyika mbili mbili, hizo si mosi. Kwa maelezo uliyotoa ni livawoti, na pengine ni za jenasi Riccia, ambazo hupenda udongo unaolowa wakati wa mvua na kukauka kabisa baadaye. Kata kipande chembamba utazame raizoidi zake.

Kuhusu neno kuvumwani, naungana nawe. Kuna kiumbe ambacho kweli ni muungano wa kuvu na mwani wanaoishi pamoja, nacho ni laikeni, yale mabaka ya kijivu na kijani kilichofifia unayoyaona kwenye magome ya mikorosho. Neno hilo lingefaa kuachiwa laikeni. Kwa mosi, mimi ningetumia neno mosi, ingawa linagongana na mosi ya kuhesabia, kwa kuwa sentensi yenyewe huonyesha ni ipi inayokusudiwa.


Mwanafunzi kutoka Newala

Shikamoo Mzee, na shikamoo Mwalimu. Ninasoma chuo kikuu mwaka wa pili na nimekuja likizo nyumbani Newala. Naomba kuuliza jambo, kwa sababu darasani tuliambiwa kwamba tafiti za vinasaba zimerudisha ule umoja wa zamani, yaani mosi, livawoti na honiwoti ni tawi moja kweli. Ikiwa ni hivyo, je, kitabu cha zamani cha Mwalimu hakikuwa na makosa, na hizo divisheni tatu hazina budi kufutwa?


Mstaafu wa Lindi

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni zito, na linagusa mahali ambapo watu wengi hukwama, nami nilikwama hapo zamani.

Ni kweli kwamba kwa muda mrefu, hasa kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, wengi waliamini kwamba livawoti ndizo zilizotengana kwanza na mimea mingine yote ya nchi kavu, zikafuatiwa na mosi au honiwoti, kila moja kwa wakati wake. Kwa picha hiyo, zile tatu zisingekuwa ukoo mmoja. Zingekuwa ngazi tatu za kupandia kuelekea mimea yenye mishipa. Lakini uchambuzi wa mamia ya jeni uliotolewa mwaka 2018, na ule mradi mkubwa wa mwaka 2019 uliolinganisha jeni za spishi zaidi ya 1,100 za mimea, vilielekeza upande mwingine: mosi na livawoti ni ndugu wa karibu, honiwoti ni ndugu yao, na zote tatu zina babu mmoja ambaye hakuwazaa mimea yenye mishipa. Ushahidi huo una nguvu, na mimi naukubali.

Hata hivyo kuna mambo mawili hapa ambayo yasichanganywe. Ukoo ni jambo la kweli lililotokea zamani, na sisi kazi yetu ni kuligundua. Ngazi, yaani kuliita kundi divisheni au ngeli au oda, ni uamuzi wa watu. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamwera na Wamakua, ukoo hufuata upande wa mama, na hakuna awezaye kumwingiza mtu katika ukoo kwa sababu tu sura zao zimefanana. Lakini kama ukoo huo uitwe mkubwa au mdogo, au ugawanywe katika milango mingapi, hayo wazee hukaa wakakubaliana. Ndivyo ilivyo kwa mimea hii. Unaweza kusema kuna ukoo mmoja mkubwa wenye divisheni tatu ndani yake, na hakuna kinachogongana. Kosa la kitabu cha zamani si kuziweka pamoja. Udhaifu wake ni kwamba kiliziweka pamoja kwa sababu ya ufupi na ukosefu wa mishipa, na sababu hiyo ingeweza kumwingiza mtu yeyote.

Niongeze jambo moja, kwa kuwa tuko Lindi na kila mgeni huuliza habari za Tendaguru. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa pale kati ya 1909 na 1913 ina umri wa takriban miaka milioni 150. Spora za mimea ya nchi kavu zinapatikana katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 450. Kutengana kwa koo hizi ni jambo la kale mno, na ndiyo maana imekuwa vigumu hivi kupanga nani alitangulia.


Bwana Misitu

Nimesoma majibu ya Mzee kwa heshima kubwa, na ningependa kuingia upande wa ndani ya mosi zenyewe, kwa sababu Mwalimu aliuliza alama ya kumwezesha mwanafunzi kuamua mwenyewe. Kazi yangu imenipeleka mara nyingi kwenye uwanda wa Rondo, na nimejifunza kubeba kioo cha kukuzia mara kumi mfukoni, kwani bila hicho mosi zote ni zulia moja.

Mosi huainishwa kwanza kwa namna kapsuli inavyofunguka. Ukiondoa kifuniko cha kapsuli iliyokomaa, mosi nyingi huonyesha duara la meno membamba kuzunguka mdomo, ambayo hujikunja na kujikunjua kadiri hewa inavyokuwa na unyevu au ukavu, na hivyo kuzitoa spora kidogo kidogo wakati unaofaa. Duara hilo huitwa peristomu. Idadi ya meno hufuata utaratibu wa ajabu: ni 4, 8, 16, 32 au 64. Katika ngeli ya Polytrichopsida meno ni 32 au 64 kwa kawaida, nayo yamejengwa kwa seli nzima zilizokufa. Katika Tetraphidopsida ni manne tu. Katika Bryopsida, ambayo peke yake ina takriban asilimia 95 ya spishi zote za mosi, kila jino limejengwa kwa vipande vya kuta za seli zilizopakana, si seli nzima, na ndiyo maana lina mistari ya kukatiza kama ngazi ya kamba. Ndani ya Bryopsida kuna zile zenye duara moja la meno na zile zenye maduara mawili, la nje na la ndani. Andreaeopsida hazina meno kabisa. Kapsuli yao hupasuka ubavuni kwa nyufa nne huku kichwa kikiwa bado kimeshikana, na Sphagnopsida hurusha kifuniko kwa mlipuko wa hewa iliyobanwa ndani.

Ukitaka mfano wa kuonyesha kwa nini kapsuli ina uzito kuliko majani, wasimulie wanafunzi habari za Takakia. Ni mmea mdogo wenye majani yaliyogawanyika kama vidole, ambao uliitwa hivyo kwa heshima ya Noriwo Takaki, aliyeukusanya katika milima ya Japani, na mwaka 1958 ukaelezwa kisayansi kama livawoti, kwa sababu majani yake hayakufanana na ya mosi yoyote na hakuna aliyekuwa ameona sporofaiti yake. Miaka ikapita watu wakibishana. Mwaka 1990 sporofaiti zikapatikana katika visiwa vya Aleutian, zikatangazwa mwaka 1993, na zilikuwa na kikonyo kinachodumu na kapsuli inayopasuka kwa ufa mmoja uliojipinda, mambo ambayo ni ya mosi. Leo Takakia, yenye spishi mbili tu, ina ngeli yake yenyewe ndani ya mosi.

Turudi kwenye mnazi wa Mwalimu. Katika nchi za joto zenye minazi kuna mosi iitwayo Octoblepharum albidum, jina alilolitoa Hedwig katika kitabu kilekile cha 1801, na maana ya Octoblepharum ni yenye kope nane, kwa sababu ya meno manane ya kapsuli yake. Weupe wake unatokana na tabaka za seli zilizokufa na kuwa tupu zinazozifunika seli hai za kijani zilizo katikati, na majani yake manene hukatika ukiyagusa yakiwa makavu. Mosi hiyo imehamishwa familia zaidi ya mara moja. Kwanza iliwekwa katika Leucobryaceae kwa sababu ya huo weupe, kisha ikapelekwa kwenye Calymperaceae, na sasa wengi huipa familia yake, Octoblepharaceae. Weupe uliwadanganya watu, kwani mimea isiyo ya ukoo mmoja inaweza kupata suluhisho moja la kuhifadhi maji. Kwenye kigogo hichohicho huenda mkakuta pia jenasi Calymperes, ambayo haina peristomu kabisa, lakini haikutolewa katika Bryopsida, kwa kuwa jeni na alama nyingine zinaonyesha kwamba ilipoteza meno hayo baadaye.

Ushauri wa vitendo: mkitembelea mahali palipochomwa tanuri la mkaa mwaka uliopita, tafuteni Funaria hygrometrica, ambayo vitabu vyetu huitumia kama mfano wa mosi na ambayo hupenda sana ardhi iliyoungua. Vikonyo vyake vyekundu hujisokota hewa inapokuwa kavu na kujisokotoa unyevu unaporudi, na kwa hiyo wanafunzi wataona wenyewe maana ya neno hygrometrica kwa kupuliza pumzi juu yake. Hifadhini sampuli katika bahasha za karatasi, msitumie mifuko ya plastiki, na juu ya bahasha andikeni mahali, kile ilichoota juu yake, kama ni jiwe, gome au udongo, kimo na tarehe. Mosi iliyokauka hivyo hudumu miaka mingi, na ikitiwa tone la maji majani yake hufunguka mbele ya macho yenu.


Mkulima wa Mwani

Wataalamu, samahani kwa kuingia. Sisi akina mama wa pwani ya Lindi tunalima mwani, ule wa spinosamu na wa kotonii. Siku hizi wanunuzi wengine wanauuza mtandaoni kwa jina lenye maana ya mosi ya baharini. Je, mwani wetu ni mosi, au una undugu wowote na hizo za kwenye kuta?


Bwana Misitu

Mama, hakuna haja ya samahani, swali lako limo ndani ya mada hii hasa. Spinosamu na kotonii ni mwani mwekundu, ambao uko katika divisheni ya Rhodophyta, na jina hilo la biashara limetokana na mwani mwingine mwekundu wa bahari ya Atlantiki uitwao Chondrus crispus, ambao watu wa Ireland waliuita mosi zamani kwa sababu ya umbo lake. Mwani wenu hauna shina wala jani la mmea wa nchi kavu, hauna kapsuli yenye kifuniko, na undugu wake na mosi ni wa mbali sana.

Bali zile nyuzi zinazoteleza ndani ya kisima cha Mwalimu ni habari nyingine. Ikiwa ni Spirogyra, kama ninavyodhani, basi zimo katika kundi la Zygnematophyceae la mwani wa kijani wa maji baridi, ambalo jeni zinaonyesha kwamba ndilo lililo karibu zaidi na mimea yote ya nchi kavu, mosi zikiwemo. Kwa hiyo ule utelezi wa kisimani una undugu wa karibu zaidi na mosi ya ukutani, na hata na mkorosho, kuliko ulio nao na mwani wako wa baharini.


Mkulima wa Mwani

Nashukuru sana, mwanangu. Basi nitawaambia wenzangu tuendelee kuuita mwani, na mnunuzi akiuliza tutamweleza.


Mwalimu wa Mikindani

Nawashukuru nyote kwa moyo mkunjufu. Nilisubiri kujibu mpaka nirudi kule na wanafunzi, na jana tulirudi na kioo cha kukuzia pamoja na hadubini ya shule.

Vitu bapa vya kisimani vina raizoidi za seli moja moja, kama alivyosema Mzee, na tulipokata mmoja wao tuliona kapsuli za mviringo zikiwa zimezama ndani ya mwili wenyewe, hazina kikonyo chochote. Tumeziandika kuwa Riccia. Nyuzi za majini, chini ya hadubini, zilikuwa na kloroplasti iliyojizungusha kama utepe ndani ya kila seli, kwa hiyo hizo ni Spirogyra bila shaka. Mosi ya mnazini ilikuwa imekauka na majani yake yalikatika vidoleni, na baada ya kutafuta kwenye vigogo sita tukapata kapsuli moja iliyokomaa. Mwanafunzi yule aliyeniuliza swali la kwanza ndiye aliyeyahesabu meno, akayahesabu mara mbili, na yalikuwa manane.

Ubaoni nimeandika kwamba mosi ni divisheni ya Bryophyta, livawoti ni Marchantiophyta na honiwoti ni Anthocerotophyta, na kwamba divisheni hizo tatu ni tawi moja la ukoo. Chini yake nimeandika mpangilio wa kitabu chetu cha zamani, kwa sababu mtihani unaweza kuuliza kwa maneno ya kitabu hicho na sipendi mwanafunzi apoteze alama kwa kujua zaidi. Nilimjibu yule mwanafunzi kwamba mimea haikubadilika, na kwamba vitabu vilibadilika kwa sababu watu waliendelea kutazama. Vishungi vya ukutani bado hatujavipa jina, maana havikuwa na kapsuli hata moja. Tumevitia katika bahasha tukaandika "juu ya jiwe la matumbawe na chokaa, kivulini, Mikindani", na tutaurudia ukuta uleule mwezi ujao mvua ikiwa bado inanyesha.